Jenereta, betri ya maji, lithiamu au sola: ubebe nini kwenda kiwanja kisicho na umeme

Sisi tulianza kinyume kabisa. Kikundi chetu cha mpira wa wavu kinacheza kwenye mchanga huku Kigamboni, karibu na kiwanja hamna nguzo, jirani wa kwanza mwenye luku yuko mbali na hata angekuwa hapo hapo nani anakubali kuchomekewa eksitensheni watu wamalizie unit zake. Giza linaingia saa kumi na mbili na nusu hivi, muda ambao wengi wetu ndo kwanza tumeshuka kwenye pantoni na begi la kazini mgongoni, kwahiyo mchezo ulikuwa unakufa kabla haujaanza. Basi tukachanga, tukanunua jenereta, tukaifurahia wiki nzima, alafu ndo tukakaa chini kuulizana: tunawasha nini hasa, na kwa masaa mangapi?

Swali hilo ndo lilitakiwa liwe la kwanza. Mtu akiniuliza sa hivi "kaka nichukue jenereta au betri" mi simjibu mpaka aniambie vitu viwili, wati ngapi na masaa mangapi, maana wati 60 kwa masaa mawili na wati 1500 kwa dakika tano ni matatizo mawili tofauti hata kama ukizidisha unaona karibu sawa.

Kwanza hesabu mzigo, na usiamini kila kilichoandikwa

Spika ndo muongo wa kwanza. Imeandikwa 1000W kwa maandishi makubwa kuliko jina lake, lakini spika ya kujitegemea yenye ampu ndani ukiipiga muziki wa kawaida na kutangaza majina ya wachezaji wastani wake unacheza kwenye wati 60 mpaka 150. Ile 1000 ni kilele cha sekunde, tena kilele cha kwenye boksi. Watu wananunua jenereta ya kilovoti ampea tatu kwa ajili ya spika moja, hela inaenda bure.

Taa ni kinyume chake, zinakula ulichoambiwa na hazipumziki. Taa ya LED ya 150W inakula 150W kuanzia unapowasha mpaka unapozima. Kiwanja cha wavu ni mita 18 kwa 9, ukiongeza mita tatu za pembeni kila upande unapata 24 kwa 15, yaani mita za mraba 360. Taa nne za 150W zikitoa lumeni (kipimo cha mwanga unaotoka kwenye taa) 100 kwa kila wati unapata lumeni 60,000, nusu yake ipotelee angani na kwenye minazi, zinabaki 30,000 chini, gawa kwa 360 unapata kama laksi 83, yaani lumeni 83 kwa kila mita ya mraba. Kwa mazoezi na mechi za mtaani inatosha kabisa, viwango vya Ulaya kwa michezo ya ngazi ya chini vinaanzia laksi 75. Taa nne za 100W zinakupa 55 hivi, mpira unauona ila ukipigwa smashi ya nguvu unaisikia kabla ya kuiona.

Kama una zile taa kubwa za zamani za metali halaidi za 400W, achana nazo kabisa kwenye hizi habari. Zinakula zaidi ya hizo 400 kwa sababu ya balasti, kile kifaa cha kuziendesha, na umeme ukikatika sekunde moja tu haziwaki tena mpaka zipoe, dakika kumi na zaidi watu mmekaa gizani mnapigwa na mbu.

Mota ndo zenye hila. Bloa la tao la upepo la kuanzia mbio, kompresa, mashine yoyote inayozunguka, ile ya AC ya kawaida wakati wa kuanza inavuta mara tano mpaka saba ya mkondo wake wa kawaida, kwa muda mfupi sana lakini unatosha kuangusha inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Bloa la 370W linaweza kukudai karibu 2000W kwa nukta moja. Inveta yako ya 1000W italia pii alafu itazima, na utadhani imeharibika.

Kwahiyo jioni yetu sisi ni hii: taa 600W, spika 80W, kibao cha pointi 20W. Jumla 700W, kwa masaa matatu, saa 12 na nusu mpaka saa 3 na nusu usiku. Hiyo ni wati-saa 2100. Shikilia namba hiyo, ntaitumia kote huku chini.

Jenereta: rahisi kuingia, kelele hazitoki

Tulianza na kale kadogo ka tuu-stroku, kale ka kuchanganya petroli na oili, kanakoandikwa 950 na ukweli wake ni kama 650W za kuendelea. Kepesi, bei yake inalipika kwa mchango wa wiki mbili. Kalituunguzia draiva, vile vifaa vya ndani vinavyoilisha LED umeme, za taa mbili ndani ya mwezi. Nikampelekea fundi, akaifungua taa akacheka.

"Kaka, hii umeme wake unapanda na kushuka kama bembea. Mkizima kitu kikubwa ghafla hapo, volti zinaruka."

Kweli bwana, kuna dada alikuwa anakuja na kabirika kadogo ka chai anachomeka hapo hapo, akikachomoa taa zinang'aa kama jua, sisi tunashangilia kumbe ndo zinakufa. Jenereta za namna hiyo hazina AVR, yaani kile kifaa cha kushikilia volti zisiyumbe. Kama lazima uchukue jenereta ya kawaida, chukua yenye AVR, na vitu vya elektroniki vichomekwe baada ya injini kutulia, vichomolewe kabla ya kuizima.

Jenereta ya kawaida ya 2.5kVA, tuliyohamia baadaye, kwa mzigo wetu itakunywa kama lita moja kwa saa, lita tatu jioni nzima. Petroli ikiwa inazungukia elfu tatu kwa lita (EWURA wanatangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, mhazini wetu anaijua tarehe hiyo kuliko birthday yake) ni kama elfu tisa. Ukicheza mara tatu kwa wiki inafika laki moja na ushee kwa mwezi, bila oili, bila plagi, bila nauli ya bodaboda anayekuletea kidumu.

Lakini hela sio iliyotushinda, ilitushinda kelele. Wavu ni mchezo wa kuongea, "wangu!", "acha!", "nyuma!", ukiwa na jenereta mita kumi hapo hakuna anayesikia, refa anapuliza filimbi watu wanaendelea. Ukiisogeza mita hamsini unahitaji waya mrefu na mtu wa kuilinda. Habari njema ni kwamba kwa 230V waya mrefu sio tatizo kubwa, waya wa 2.5mm² mita 50 kwa mzigo wa kilowati moja unapoteza volti tatu nne hivi tu. Tatizo ni watoto kuuruka gizani.

Kuna jenereta za inveta, zile zilizofunikwa kama begi. Mfano unaojulikana ni Honda EU22i, inatoa wati 1800 za kuendelea na 2200 za kilele, kilo 21, tenki lita 3.6, na kwenye mzigo mdogo inapunguza mwendo yenyewe inaenda mpaka masaa nane. Kwa wati 700 utachoma lita mbili au pungufu kidogo jioni nzima. Umeme wake ni msafi, laptop na mashine za kuhesabia muda hazilalamiki, na mita saba kutoka kwake watu wanaongea bila kupiga kelele. Bei yake sasa, ndo inabidi kikao. Ila mtu anayefanya matukio ya kulipwa, mbio za barabarani na bonanza za makampuni, mi naona hii ndo jenereta ya kununua, zile za chasisi wazi aziache kwa mafundi welding.

Na hili naliweka hapa hapa kwa sababu nimeliona kwa macho: mvua ikinyesha watu wanaivuta jenereta ndani ya stoo ya vifaa, mlango nusu, alafu wanakaa humo humo kujikinga. Moshi wake una kaboni monoksidi, haina harufu, haikohozeshi, inakulaza tu usiamke. Bora mechi iahirishwe. Na usiongeze petroli injini ikiwa ya moto, hata kama zimebaki pointi mbili.

Betri ya maji na inveta: ukimya wa bei ndogo, mgongo ndo unalipa

Hapa ndo wengi wanapokimbilia baada ya kuchoka kelele. Mtu ana betri ya N100 nyumbani, ananunua inveta ya 1000W Kariakoo, anafunga, taa zinawaka, anatuma video. Baada ya saa moja inveta inalia.

Hesabu yake iko hivi. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ni wati-saa 1200 kwenye karatasi. Ukitaka idumu usishuke chini ya nusu, kwahiyo una 600. Inveta inakula asilimia kumi mpaka kumi na tano njiani. Alafu lile 100Ah lililoandikwa limepimwa kwa kuitoa taratibu masaa 20, yaani ampea tano tano. Sisi mzigo wetu wa 700W unavuta karibu ampea 68 kutoka kwenye betri, na betri ya maji, ambayo ndani ni risasi, ukiivuta kwa nguvu hivyo inatoa pungufu ya ilivyoahidi. Wati-saa zetu 2100 zinahitaji karibu 2500 kutoka kwenye betri, yaani betri nne na bado unajibana, tano ndo uende kwa amani. Kila moja kilo 28 hivi. Sasa nambie nani anabeba kilo 140 kwenye mchanga kila Jumanne na Alhamisi.

Betri ya gari yenyewe, ile ya kuwashia injini, sio ya kazi hii kabisa. Sahani zake ni nyembamba, imetengenezwa itoe mkondo mkubwa sekunde chache alafu ichajiwe hapo hapo. Ukiimaliza mara thelathini kwa taa za wavu, asubuhi gari halitawaka na utamlaumu aliyekuuzia. Zipo za kuvumilia kuishiwa, wauzaji wanaziita dipu saiko, ulizia hizo.

Ila kuna sehemu betri ya volti 12 inawashinda wote na watu hawaisemi: vifaa ambavyo vyenyewe ni vya volti 12. Mashine ya kurusha mipira ya kriketi kama BOLA inakula 12V moja kwa moja, imetengenezwa hivyo tangu mwanzo kwa sababu nyavu za mazoezi mara nyingi ziko mbali na soketi. Mashine nyingi za kurusha mipira ya tenisi zina betri ya 12V ndani tayari. Pampu za kujazia upepo zile za garini ni 12V pia, ampea kumi mpaka kumi na tano. Kwa vitu hivi kufunga inveta ni kuzunguka Mbuyuni kwenda Mbuyuni, unapandisha volti mpaka 230 alafu chaja ya mashine inazishusha tena mpaka 12, na kila hatua inakula ushuru wake. Rafiki yangu anayefundisha watoto kriketi ana betri moja ya dipu saiko kwenye kitoroli cha sokoni na anamaliza kipindi chake bila shida, wakati huo huo sisi wa taa tunahangaika na tano.

Sharti moja tu, waya uwe mfupi na mnene. Nilishasema kwa 230V mita 50 hazina neno. Kwa 12V ni dunia nyingine: waya huo huo wa 2.5mm², mita kumi tu, ampea 20, unapoteza karibu volti tatu, betri ina 12 na mashine inapata 9, mpira unatoka umechoka na mwalimu anadhani mota imekwisha. Weka betri pale pale chini ya mashine. Na kama unafunga inveta ya 1000W, waya wake wa betri uwe 25mm², usizidi mita moja na nusu, na fyuzi ya 125A karibu na nguzo ya betri. Fyuzi sio urembo, betri ikipigwa shoti inachomelea spana.

Halafu mambo ya pampu, mpira wa miguu kisheria ni kati ya psi (kipimo cha presha) 8.5 na 15.6, wa kikapu 7 mpaka 9, wavu ni kama 4 na nusu tu. Kompresa ya garini inafika mia na zaidi bila kutoa jasho. Tumepasua mpira mpya hivyo, mbele ya aliyeuchangia. Kwa wavu tumia pampu ya mkono tu jamani.

Lithiamu: hapa ndo tulipoishia

Ninaposema lithiamu namaanisha ile ya chuma na fosfeti, LiFePO4, sio za simu. Zinakuja kwa sura mbili. Kuna betri tupu ya 12.8V 100Ah unafunga na inveta yako, na kuna maboksi yenye kila kitu ndani, betri, inveta, chaja, soketi na yuesibii, wengi wanayaita pawasteshen.

Betri ya 100Ah ni wati-saa 1280 na unaruhusiwa kula asilimia 80 mpaka 90 bila kuiumiza, kwahiyo unapata karibu mara mbili ya ile ya maji yenye namba hiyo hiyo. Uzito kilo 12 hivi. Inachajiwa maelfu ya mara, wakati ya maji ukiishusha nusu kila siku unahesabu mamia. Bei ya mwanzo ni mara mbili tatu, hilo siwafichi, na kwenye kikao chetu kuna mzee alisimama akasema "kwa hela hiyo nawaleteeni jenereta na mtungi wa juisi." Tulimsikiliza, kisha tukamuonyesha daftari la petroli la miezi minne.

Mzigo wetu unahitaji mbili za 100Ah kwa kujibana na tatu kwa raha. Sisi tumechukua mbili na tukabadilisha tabia: spika inazimwa wakati wa mechi, taa mbili zinawashwa wakati wa kupasha, nne zikianza seti. Masaa matatu yanapita na inabaki kidogo. Kuchaji ni usiku kwa mtu, kama unit tatu za luku, na unit kwa tarifu ya kawaida iko kwenye mia tatu na kitu, kwahiyo jioni inatugharimu kama elfu moja. Toka elfu tisa mpaka elfu moja, na refa anasikika.

Pawasteshen la wati-saa 2000 ni tamu zaidi kwa kubeba, unashika mkono unaenda. Ila angalia mambo matatu. Kwanza zile 2000 za kwenye jina sio zinazotoka kwenye soketi, kwa AC utapata kama 1700, kwetu sisi ni masaa mawili na nusu bila dakika chache. Pili, likiharibika inveta yake umepoteza na betri kwa muda, wakati kwenye vifaa tofauti unabadilisha kilichokufa tu, na fundi wa mtaani anaelewa. Tatu, huwezi kupanda nalo ndege. Betri ya zaidi ya wati-saa 160 hairuhusiwi kwenye ndege ya abiria, sio mkononi sio kwenye begi la chini. Timu ya Dar ikienda Mwanza kwa ndege na kijiboksi chake italiacha uwanja wa ndege, nimeshuhudia sura ya mtu aliyeambiwa hivyo kaunta.

Na lithiamu ya aina yoyote usiiache juani. Betri zenyewe zinavumilia, lakini ule ubongo wa ndani, BMS, ukihisi joto limezidi unakata, na utakata seti ya tatu. Sisi zetu zinakaa na inveta chini ya meza na kanga juu yake ya kuzuia jua la saa kumi, matundu ya hewa yakiwa wazi.

Inveta iwe ya pyua sain wevu, yaani inayotoa umeme laini kama wa ukutani. Zile za bei chee za modifaidi zinafanya mota iungurume na ipate moto, na spika inatoa mlio wa nyuki. Tofauti ya bei sio ya kukufanya ulale njaa.

Sola: nzuri mchana, na kuna uongo wa kuukwepa

Paneli ya 200W kwa jua letu ikikaa vizuri itakupa kama wati-saa 700 kwa siku nzima. Mechi ziko usiku. Kwahiyo sola peke yake haichezeshi wavu usiku, inachaji kitu kinachochezesha. Kwa bonanza la mchana ndo mahali pake, spika na kibao vinakula wati mia, paneli moja inalipa kila kitu na jioni betri imejaa kama ilivyokuja. Kwa shule za mbali ambako hata kwa mwalimu hamna luku, paneli mbili za 200W, chaja kontrola na lithiamu moja ni mpango unaojitegemea kabisa, siku ya jua zuri inajaa.

Paneli haitaki hata kivuli cha jani. Kivuli cha kuti moja la mnazi likipita kwenye paneli kinashusha uzalishaji kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe, kwa sababu vipande vyake vya ndani vimeunganishwa kama shanga, kimoja kikizibwa vinabana na wenzake.

Uongo sasa. Zile taa za sola zilizoandikwa 300W, 500W, zenye kapaneli kake na rimoti. Ifungue moja. Mara nyingi ndani utakuta betri ya 3.2V na ampea-saa 15, zidisha mwenyewe, wati-saa 48. Taa ya kweli ya 300W ingeimaliza betri hiyo ndani ya dakika kumi. Inakaa usiku kucha kwa sababu kiukweli inatoa wati tano, za getini. Tulifunga sita za hivyo kwa majaribio, tukaona wavu, mpira hatukuuona.

Tuziweke ubavu kwa ubavu, jioni ile ile ya wati 700 masaa 3

Jenereta ya kawaida 2.5kVA: lita 3, kama 9,000, kilo arobaini na kitu, kelele hamsikilizani.

Jenereta ya inveta: lita 2, kama 6,000, kilo 21, mnasikilizana.

Betri za maji 100Ah: tano, kama 1,000 na kidogo ya luku, kilo 140, kimya, na baada ya mwaka mmoja miwili unazianza upya.

Lithiamu 100Ah: mbili mpaka tatu, kama 1,000 ya luku, kilo 24 mpaka 36, kimya.

Sola siiweki kwenye mstari kwa sababu haina jioni.

Kuna mlango mwingine ambao Dar tunao na wengi hatuujui. Baadhi ya magari ya Kijapani ya haibridi, Estima Hybrid na Alphard Hybrid kwa mfano, yana soketi ndani ya AC mpaka wati 1500, injini inajiwasha yenyewe betri kubwa ikishuka. Kama kuna mwenzenu anayo, wati 700 ni kitu kidogo kwake. Lakini soketi hiyo ni ya volti 100 za Japani. Taa za LED na chaja zilizoandikwa 100-240V zinakubali, mota za 230V zitanguruma tu na kuungua. Soma kibandiko cha kila kifaa kabla hujachomeka, na tafuta plagi yake maana yetu ya miguu mitatu haiingii. Tofauti na hapo, kile kitundu cha sigara cha gari la kawaida kina fyuzi ya ampea 10 au 15, hakizidi wati 180, ni cha pampu na simu.

Kwa wa mbio, ninyi mna jambo lenu. Tao la upepo la mwanzo na mwisho linataka bloa lizunguke muda wote, likizima tao linawalalia wakimbiaji, kawaida pale pale watu wa kilomita 21 wanapoanza kuingia. Hapo msitegemee chanzo kimoja. Jenereta ya inveta kwa bloa, bloa liwashwe peke yake kwanza kabla ya kitu kingine, na saa, laptop na mashine za kusoma chipu za wakimbiaji zikae kwenye betri yao ndogo pembeni, haya mambo ya muda yote kwa pamoja hayafiki hata wati 150. Injini ikijizima matokeo yanabaki, mtahangaika na tao tu.

Na popote mlipo, kwenye nyasi zenye umande au mchanga mbichi, eksitensheni ziinuliwe juu ya tofali na ziwe na kile kibreka kinachokata umeme ukivuja, RCD. Usilaze soketi chini ukaifunika na mfuko wa rambo ukasema tayari.

Sisi mpaka sasa tunaenda na zile lithiamu mbili Jumanne na Alhamisi, zinalala kwa kepteni kwa sababu luku yake haiishi. Jenereta hatujaiuza. Mwisho wa mwezi tukiwa na bonanza, taa kuanzia jioni mpaka saa sita, mama ntilie wana friza la juisi na watu wanataka muziki, inatoka stoo, na mi ndo nakaa mita hamsini huko gizani na kidumu changu nikisikiliza matokeo kwa mbali.